Njia ya Beni Iko Kijani

2 Septemba

Leo nimemaliza tovuti ya muuza dawa. Ni ileile niliyomfanyia muuza mabati mwezi uliopita, na muuza mabati nilimpa ya shule. Nilibadilisha jina na rangi. Luc, anayeshughulika na picha hapa bironi, ofisi yetu ya kutengeneza tovuti, alichukua kwenye mtandao daktari anayetabasamu. Nyuma ya daktari kuna dirisha, na nje ya dirisha theluji imelala juu ya miti. Nilimwonyesha Luc ile theluji. Akasema hakuna atakayeiona. Muuza dawa akaja, akatazama, akashukuru sana. Kweli hakuiona.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani, mtaa wa Rughenda hapa Butembo, wamechoka kunisikiliza. Mdogo wangu Kambere, anayeendesha minibasi kati ya Butembo na Beni, ameniambia kama kazi yangu inanitia kinyaa hivi, nije nikate tiketi kwenye gari lake.

5 Septemba

Mteja mpya. Anaitwa Issaka, tajiri wa magari kutoka Beni, na ndiye anayewaongoza wenzake wenye magari ya njia hii. Aliingia na marashi yake, akaweka simu mbili mezani, zote mbili zikalia muda wote wa kikao na zote mbili akazijibu. Anataka tovuti. Anataka wimbo uanze kulia mtu akiifungua tu. "Na sura yangu iwekwe juu kabisa," akasema, "batu bajue ni nani anabasaidia." Nilimchukia kabla hajamaliza chai yake.

Chini ya upuuzi huo wote kulikuwa na jambo la maana, na aliyelichimbua ni Esdras, patron wetu, mwenye biro hii. Issaka anataka kila asubuhi wasafiri wajue hali ya barabara kabla ya kutoka nyumbani. Kijani, gari linapita. Njano, linapita kwa taabu. Nyekundu, baki kwako. Ni habari za tope, miporomoko na madaraja peke yake. Mambo ya watu wenye silaha hatutaandika, Issaka alisema, maana hayo yatatuletea maneno. Binti yake Yasmine, anayekaa Beni kwenye mtaa wa Beu, atawapigia madereva simu na kubonyeza rangi.

Esdras akasema inawezekana. Esdras hajawahi kumwambia mteja kitu kingine.

9 Septemba

Mvua. Hakuna umeme. Mafuta ya jenereta yanakuja.

10 Septemba

Mvua. Mafuta hayajaja.

15 Septemba

Ukurasa wa barabara umekamilika, na lazima niseme haki. Nilikuwa nimejaza mambo mengi. Esdras aliketi karibu yangu, akavuta kibodi, akaanza kufuta. Alifuta nusu ya nilichoandika, na kila alipofuta ukurasa ulifunguka haraka zaidi, mpaka ukawa unafunguka kwenye simu kuukuu ya mlinzi wa mlangoni, mtandao ukiwa dhaifu namna hii. Mistari yake ni mifupi na safi, mtu anaweza kuisoma kama barua. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi aliporudi kutoka Kampala, wakati wengine hapa mjini walidhani msichana anakuja kwenye kompyuta kuandika mialiko ya harusi. Ndiyo maana sijaondoka.

Sura ya Issaka tumeiweka chini kabisa. Alinung'unika, lakini Yasmine alimwambia kwa simu kwamba watu watangojea uso wake ufunguke kabla ya kuona barabara. Nasikia alicheka.

28 Septemba

Leo nimeona kitu cha kunitapisha. Kuna bailleur, shirika moja la nje linalotoa misaada, limesikia habari ya ukurasa wetu. Esdras aliwaeleza kwa kompyuta, picha zikimulikwa ukutani, na mimi nimekaa pembeni kama mtaalamu wa mradi. Akasema tuna mfumo wa intelligence artificielle, akili ya mashine, unaosoma picha za satelaiti na kutabiri hali ya barabara. Kulikuwa na mchoro wa satelaiti na mishale. Luc ndiye aliyeuchora.

Akili hiyo inaitwa Yasmine. Ana simu moja na chaja anayoazimana na jirani. Anaamka mapema, anawapigia madereva, nusu yao hawapokei, anapiga tena. Watu wa bailleur waliandika sana na kuuliza kama mfumo unaweza pia kutabiri mavuno. Esdras akasema inawezekana.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli, maana ukweli wenyewe ni mzuri. Akanijibu kwamba hakuna anayetoa msaada kwa msichana mwenye simu.

6 Oktoba

Mvua kutwa. Nyekundu jana, nyekundu leo.

12 Oktoba

Nilipita sokoni kununua sombe, majani ya muhogo. Wanawake wawili wenye mizigo ya vitunguu walikuwa wanabishana kama waende Beni leo au kesho. Mmoja akatoa simu, akatazama, akamwambia mwenzake, "Tutaenda kesho. Iko rouge." Rouge ndiyo nyekundu yetu. Wakaanza kushusha mizigo yao bila neno lingine. Hawakujua aliyeandika ule ukurasa amesimama karibu yao na sombe mkononi.

Miaka yote ya kazi hii sijawahi kumwona mtu akitumia kitu nilichokitengeneza. Daktari wa theluji nani anamtazama? Nilirudi bironi natembea kama mtu aliyesifiwa kanisani. Kambere naye sasa hatoi gari kabla ya kuangalia, na abiria wake wameshajizoeza kumuuliza rangi badala ya kumuuliza saa.

20 Oktoba

Wageni wa bailleur wanakuja mwezi ujao. Wanataka ripoti yenye mchoro wa siku ambazo barabara ilikuwa nzuri, na mchoro unatakiwa upande. Mvua hizi zote, utapandaje?

Esdras aliniita akafunga mlango. "Rouge iko nachafua rapport yetu," akasema. "Sisemi tudanganye. Pale inaonyesha rouge, tuweke njano tu, mpaka baende." Akaongeza kwamba hata wenye magari wamelalamika, kwamba nyekundu inawafukuzia abiria.

Niliwaza ni Issaka tu, nikamwona kama yuko mbele ya macho yangu, na marashi yake, na simu zake mbili. Nikasema hapana. Nikasema kuna watu wanaoshusha mizigo kwa sababu ya rangi ile. Esdras alinitazama kidogo, akacheka, akasema nisahau, alikuwa anawaza kwa sauti tu. Kisha akanipa kazi nyingine.

24 Oktoba

Kazi nyingine yenyewe ni duka la nguo la mtandaoni. Mwenye duka anataka chini ya kila gauni paandikwe kwamba kuna watu wengi wanaliangalia sasa hivi. Hakuna watu. Nimeandika mistari inayobuni idadi na kuibadilisha kila mara ili ionekane hai. Inafanya kazi vizuri. Nikiona ile idadi inapanda na kushuka, natamani kunawa mikono.

Ndiyo kazi yetu hii. Tunasema tunaunganisha watu, kumbe tunakaa ghorofani juu ya duka la mabati tukibuni watu wasiokuwapo ili kuwaharakisha waliopo.

1 Novemba

Mvua.

3 Novemba

Mvua. Ukuta wa jirani umeanguka.

7 Novemba

Sijui nianzie wapi, basi nitaandika kama ilivyofuatana.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Yasmine aliweka nyekundu, kwa sababu dereva mmoja alimwambia maji ya mto ulio chini ya mteremko, kabla ya kufika Beni, yanapita juu ya daraja. Kambere aliona nyekundu, akaegesha gari, akawaambia abiria wangoje. Wengine walinywa chai pale parking, wengine wanaokaa karibu walirudi kwao. Baadaye ukurasa ukageuka kijani. Kambere akasema Mungu amesaidia, maji yamepungua. Abiria wakarudi, akaondoka.

Alipofika mtoni maji yalikuwa yametulia kwa kutazama, na daraja linaonekana. Akapita polepole. Magurudumu ya mbele yakavuka. Ya nyuma yakashuka pamoja na ukingo wa daraja, udongo wa chini ulikuwa umekwisha kuliwa. Gari likalala nyuma chini, maji yakaingia. Watu walitokea madirishani, waliokuwa mbele wakivuta wa katikati. Nyuma kabisa alikaa msichana anayeitwa Ornella, mwanafunzi wa uuguzi. Maji yalimchukua. Watu wa kijiji cha chini walimwona mchana, amekwama kwenye matete.

Kambere amevunjika mguu. Yuko hospitali Beni, na mimi siwezi kumfikia kwa sababu barabara imekatika. Amenieleza haya yote kwa simu, akarudia sana jambo moja tu, kwamba ilikuwa kijani.

Nilimpigia Yasmine. Sikumsalimu. Nilimuuliza kwa nini aligeuza rangi.

"Aby," akasema, "mi niliweka rouge. Sikuigusa tena."

Kisha akaniuliza kama ni kweli kuna mwanamke aliyekufa, maana pale Beu watu wameanza kusimama mlangoni kwake wakimlaumu.

8 Novemba

Nilikwenda bironi kutafuta kilichoharibika. Luc alikuwa amefika kabla yangu, na alipoona nafungua kompyuta akasema nisijisumbue, yeye anajua. Alikuwa hajanawa uso.

Wakati mimi natengeneza duka la nguo, Esdras aliandika kanuni mpya, akampa Luc aiweke kwenye seva. Kanuni inasema hivi: nyekundu yoyote isiyothibitishwa na msimamizi ndani ya muda fulani inarudi yenyewe kuwa kijani. Msimamizi ni Esdras. Jana asubuhi Esdras alikuwa hotelini na wageni wa bailleur, simu amezima ili asiwakatize.

"Nilifikiri ni ya rapport tu," Luc akasema. "Sikujua batu banaiamini namna hii."

Niliisoma ile kanuni. Ni mistari michache, mifupi, safi, kila kitu mahali pake. Hata bila Luc ningejua mwandishi ni nani, maana hivyo ndivyo alivyonifundisha mimi kuandika. Haina kosa hata moja. Inafanya sawasawa ilichoombwa kufanya. Nilitoka nje ya mlango, nikatapika kweli, pale kwenye ngazi, wafanyakazi wa duka la mabati wakinitazama.

Kisha nikarudi ndani, nikaiondoa.

9 Novemba

Esdras aliingia saa ya kazi kama kawaida, amevaa shati la wageni. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala, sikatai. Akasema ni huzuni kubwa, akasema tuombe. Luc akainamisha kichwa. Mimi nilibaki na macho wazi.

Baada ya maombi akaniambia bailleur anataka maelezo, na kwamba mimi, kwa kuwa ndimi mtaalamu wa mradi, ndimi nitakayeyaandika. Niandike kwamba opératrice wa Beni, yule anayebonyeza rangi, alikosea kubonyeza.

"Hatutataja jina," akasema.

"Kila mutu pale Beu anajua jina yake. Bako kwa mulango yake tangu juzi."

"Aby, bakifunga mradi, siye wote tunapoteza kazi. Huyu binti ako na baba mwenye mali. Haitamufanya kitu."

Ndicho nilichokuwa sijakijua juu yake. Alikuwa amekwisha kupima ni nani atakayeweza kuibeba lawama, kama mtu anayepanga mizigo kwenye pikipiki. Nikamwambia sitaandika. Akaniambia nifikiri vizuri mpaka wageni waondoke.

11 Novemba

Issaka alikuja. Gari halipiti, hivyo alipanda pikipiki mpaka mtoni, akavuka kwa miguu juu ya magogo, akapanda nyingine. Suruali ilikuwa tope mpaka magotini. Nilijitayarisha kwa makelele. Alisalimu, akaketi, akazima simu zake zote mbili.

Esdras alianza kusema juu ya hitilafu za kiufundi, ambazo hutokea hata Ulaya. Issaka alimwacha amalize. Kisha akanigeukia mimi.

"Binti yangu aliandika rouge, ao hapana?"

Esdras alinitazama. Sikumtazama yeye, nilitazama lile tope.

"Aliandika rouge, Papa Issaka. Na haikuguswa naye tena. Ni kanuni yetu iliigeuza vert. Aliyeiandika ni Esdras huyu."

Issaka alifunika uso kwa mikono, na nilidhani analia, labda alikuwa analia. Alipoinua kichwa alimwambia Esdras kwamba wenzake wenye magari walimfuata yeye kwanza, mwezi uliopita, wakitaka nyekundu ipunguzwe. Aliwakatalia, wakagombana hadi wengine wakatoka kwenye umoja. Hakujua kwamba walitoka pale wakaja hapa.

Mimi nilikuwa nimeapa moyoni kwamba ni yeye aliyelalamika. Kwa sababu ya marashi, na wimbo, na picha.

Nilichukua mfuko wangu nikashuka naye. Esdras hakuniita.

13 Novemba

Matanga ya Ornella ni hapa Butembo. Mwili ulivushwa mtoni kwa mabega ya watu. Issaka aliniomba twende pamoja, na njiani aliniuliza kama kwa Waprotestanti mtu anatakiwa kuvua viatu. Watu walimpisha bila kumsalimu. Alisimama mbele ya mama wa marehemu, Mama Débora, akasema mfumo ulikuwa ni wake na jina lake limo ndani, kisha akasogea ili niseme mimi. Nikasema yote. Nilitaja nani aliandika nini, na nani alikuwa wapi na simu iliyozimwa. Nilisema Kambere alingoja.

Mama Débora alisikiliza akiwa ameshika kona ya kitenge chake.

"Alikuwa amerudi nyumbani kungojea," akasema. "Mvua ilikuwa mingi. Kisha akaniletea telefone jikoni, akanionyesha. Akasema, mama, imekuwa vert, naenda. Na mi nikatazama. Nikaona vert."

Baadaye akaniuliza kama ule ukurasa ungali unafunguka. Nikajibu ndiyo. Akasema niufunge. Neno la siri la seva nilikuwa nalo bado, nikaufunga palepale, nimekaa kwenye mkeka katikati ya akina mama. Alishika simu yangu, akajaribu mwenyewe, akaona haifunguki, akanirudishia.

"Wasingya," akasema, yaani asante kwa lugha ya kwetu. Alishukuru ule ukurasa kufa. Sitaisahau asante hiyo.

22 Novemba

Luc amenitumia rapport ya bailleur. Ina kurasa nzuri, picha zimepangwa vizuri. Mradi utaendelea, katika mji mwingine, na Esdras ataushauri. Kifo cha Ornella kimo kwenye sehemu ya mambo tuliyojifunza. Kinaitwa tukio. Mchoro wa siku nzuri unapanda.

Luc bado yuko pale. Anasema anatafuta kwingine. Namwamini kidogo.

Esdras naye aliandika, kwamba hana kinyongo na kwamba mlango uko wazi. Nilisoma mara moja, nikafuta.

29 Novemba

Barabara imefunguliwa kwa daraja la mbao. Nimeshuka Beni kumtazama Kambere. Joto la huku linanichosha. Mguu umefungwa plasta, hasira zimeanza kumrudia, na hiyo ni dalili njema. Lakini hataki kuzungumzia mto, na nikitaja gari anageukia ukuta.

Kutoka hospitali nilikwenda Beu. Yasmine ni mdogo kuliko sauti yake. Majirani wameacha kusimama mlangoni tangu baba yake azunguke nyumba kwa nyumba kuwaeleza, lakini yeye bado hapokei simu. Tulikaa nyuma ya nyumba, tukachambua mchele. Issaka akaja akasimama juu yetu. Anataka tuanze tena. Madereva wanamwuliza, abiria wanamwuliza, na mvua haijamalizika. Nikasema mimi kazi ile nimeitapika. Yasmine akasema yeye hatabonyeza rangi tena maishani.

2 Desemba

Nilirudi Butembo juzi, nikaenda kwa Mama Débora, maana sikuona ni nani mwingine wa kuulizwa. Nikamwuliza kama tuanze tena, naye akanivutia kiti. Kisha akasema kama tutafanya, kusiwe na rangi. Paandikwe mutu gani amesema nini, na jina lake.

Nimeiandika jana na leo. Haina msimamizi, haina mchoro, haina uso wa Issaka, na hakuuomba. Yasmine amekubali, maana hakuna rangi ya kubonyeza: anampigia dereva, anaandika maneno yake kama alivyoyasema, na jina. Ni tovuti mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya kwa kutazama. Esdras angecheka.

6 Desemba

Nipo Beni, kwenye parking ya Issaka. Leo ni harusi ya mtoto wa dada yake huko Butembo, na gari lake kubwa lilijazwa tangu alfajiri: masufuria, mazulia, magunia ya mchele, shangazi zake wote wamevaa sare. Mvua ilianza wanapopanda. Issaka alikuwa ameketi mbele na kanzu mpya, anampigia honi kila anayechelewa.

Yasmine alikuwa amekaa chini ya baraza na simu sikioni. Alipiga, haikupokelewa, akapiga tena. Kisha akaanza kuandika, nami nikasoma juu ya bega lake. *Kasimu, dereva wa lori: nimesimama mtoni. Mbao za katikati zinacheza. Mimi sipiti.*

Alimtazama baba yake, akabonyeza. Hakumwita.

Kwenye gari simu ya shangazi mmoja ndiyo ilikuwa ya kwanza kuonyesha maneno hayo, nadhani, kwa maana niliona kichwa chake kikiinama, kisha cha jirani yake. Maneno yakapita kiti kwa kiti mpaka mbele. Issaka alitoa simu yake, akasoma. Akasoma tena. Aliteremka na kanzu yake kwenye tope, akatembea mpaka barazani, akamwuliza binti yake kama Kasimu huyu ni yule mwoga. Yasmine akasema ndiye. Akauliza kama hakuna mwingine aliyepita. Yasmine akasema hakuna.

Alisimama pale anatazama mvua. Mashangazi walikuwa wanapiga kelele madirishani, kwamba bibi arusi anangoja, kwamba anga linafunguka upande wa Butembo, kwamba Kasimu tangu utoto wake anaogopa maji. Alitukana mvua, akatukana mbao, akamtukana Kasimu na ukoo wake wote.

Kisha akarudi kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe.

"Mushuke," akasema. "Mizigo yote ishuke."

Akapokea sufuria ya kwanza.